"Chukua kama ilivyo": Je, kutojua kunamwokoa muuzaji?

"Usiijaribu. Ukiijaribu utajua, na ukishajua itabidi useme."

Maneno haya niliambiwa na shemeji yangu, mtu wa swala tano na mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, siku niliyompelekea kamera ya marehemu baba mdogo na kumuuliza inaweza kufika bei gani. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayemnasihi mwenzake katika dini, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukiyatazama vizuri, haya si maneno ya mtu asiyejua sheria. Ni maneno ya mtu aliyekaa darsani. Anajua kwamba Uislamu umeharamisha kuficha kasoro ya bidhaa. Anajua pia kwamba mtu hawezi kuficha kitu asichokijua. Hapo akaona upenyo: usijue, na hutakuwa na la kuficha.

Hebu kwanza nieleze jambo lenyewe. Baba mdogo alikuwa mpiga picha. Kwa miaka mingi alipiga picha za paspoti, za mahafali na za harusi mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, mpaka simu za mkononi zilipomnyang'anya kazi. Alipofariki aliacha mjane na watoto wanne, wawili kati yao hawajabaleghe. Wakubwa wa ukoo wakanikabidhi mimi niuze vyombo vyake vya kazi ili fedha ziingie katika mirathi. Vilikuwa vichache: miguu mitatu ya kusimamishia kamera, fleshi, taa mbili za studio, na kamera yenyewe, Pentax K1000. (Sitaingia leo katika mjadala wa hukumu ya picha. Wasomaji wa safu hii mnajua masheikh walivyohitilafiana, na wino uliokwisha kumwagika unatosha.)

Huenda msomaji wa rika langu atashangaa kusikia kwamba kamera ya filamu bado ina mnunuzi. Wengi wetu tuliizika zamani. Kampuni ya Kodak, ambayo jina lake kwa watu wengi lilikuwa ndilo jina la filamu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2012. Lakini vijana wameirudia. Mwaka 2024 kampuni yenye jina hilo la Pentax ilitoa kamera mpya kabisa ya filamu, jambo ambalo miaka ishirini nyuma mtu angelisema angechekwa. Na hizi za zamani zinatafutwa, hasa K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 mpaka 1997, kwa sababu haina mambo mengi. Shata yake inaendeshwa na springi na meno ya chuma. Betri yake ndogo ni ya kipima mwanga tu, hata ikifa kamera inapiga.

Sasa, kamera ya filamu ina jambo moja ambalo simu haina, na msomaji alishike kwa sababu hoja yangu yote inakaa juu yake. Ukipiga picha kwa simu unaiona papo hapo. Ikiwa mbaya unarudia. Kamera ya filamu haikwambii kitu. Unavuta mkono wa kuzungushia filamu, unabonyeza, unasikia mlio, unaendelea. Utapiga picha thelathini na sita, bibi harusi atatoka, wazee watamaliza dua, wageni watakwenda zao, na baada ya siku kadhaa, filamu ikishasafishwa, ndipo utajua kwamba zote zimeungua au nusu ya kila picha ni nyeusi. Kasoro yake haionekani siku ya kununua. Mara nyingi haionekani hata siku ya kutumia. Inaonekana siku ambayo hakuna tena cha kurudia. Wapo watu mtaani kwetu ambao hawana picha hata moja ya ndoa yao kwa sababu ya tundu dogo lililopitisha mwanga.

Turudi kwa shemeji. Lazima niseme ukweli kwamba nilipomwendea nilikuwa nimeshaanza kuijaribu kamera ile nyumbani. Nilivuta mkono, nikabonyeza, ikalia vizuri, mlio mkavu niliouzoea tangu utotoni. Nikageuza kitufe cha kasi nikaweka sekunde moja, yaani shata ifunguke, ikae wazi sekunde moja, ijifunge. Ikafunguka. Kisha ikawa kama inakoroma. Sekunde moja ikapita, ya pili ikapita. Sikusubiri. Niliiweka mezani, nikatoka sebuleni, na kesho yake nikaenda kwa shemeji.

Kwa nini sikusubiri? Nimejiuliza swali hili mara nyingi, na jibu si la kunipamba. Sikusubiri kwa sababu nilihisi nakaribia kujua. Kabla sijapewa ushauri, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuufuata.

Na mimi ni mwalimu wa dini. Wiki ileile nilikuwa nasomesha vijana mlango wa biashara. Niliwasimulia Hadithi mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akamtoa katika umma huu mwenye kughushi. Hadithi hii tunaisoma kila mwaka, na kila mwaka tunasimama kwenye sentensi ya mwisho. Safari hii nilijikuta nimesimama kwenye mkono. Mtume (s.a.w.) hakuridhika na sehemu ya juu. Aliingiza mkono.

Atasema mtu: yule muuzaji alijua kwamba mvua imenyesha. Je, kama mvua ingenyesha usiku yeye amelala? Swali zuri, na mafaqihi wetu hawakuliacha.

Jambo la kwanza walilolibainisha ni kwamba dhambi ni kitu kimoja na haki ya mnunuzi ni kitu kingine. Mnunuzi akikuta kasoro ya zamani inayopunguza thamani ya bidhaa, ambayo hakuijua wakati wa kununua, ana hiyari ya kurudisha. Hiyari hii haiulizi kama muuzaji alijua. Kutojua kwako kunaweza kukuondolea dhambi ya kughushi, lakini hakukuondolei wajibu wa kupokea bidhaa yako na kurudisha fedha. Kwa hiyo vile vibao vilivyotundikwa katika maduka yetu, na mihuri inayogongwa chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, inashangaza kuviona ndani ya duka ambalo ukutani pia pametundikwa Ayatul Kursiyy.

Jambo la pili ndilo letu hasa. Je, muuzaji anaweza kujivua mapema kwa kusema: nakuuzia kitu hiki kama kilivyo, sidhamini kasoro yoyote? Mafaqihi wanaliita suala hili kuuza kwa sharti la baraa, yaani kujitoa katika dhima. Imam Abu Hanifa (r.a.) alilikubali sharti hilo. Ni haki tuliseme, kwa sababu wapo wanaodhani kila anayeuza "kama ilivyo" amekula haramu. Lakini katika madhehebu yetu watu wa pwani, madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), kauli yenye nguvu aliyoitaja Imam Nawawi katika Minhaj ni nyembamba mno. Sharti hilo linamwokoa muuzaji katika kasoro moja tu: ile iliyofichika ndani ya mnyama, na ambayo muuzaji hakuijua. Kasoro nyingine zote, ikiwemo kila kasoro ya kitu kisichokuwa mnyama, haliziondoi.

Kwa nini mnyama? Wameeleza kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake inageuka, na ni nadra kusalimika na ugonjwa uliojificha ambao hata mwenyewe haujui. Kwa hiyo amepewa udhuru. Ama nguo, chombo, nyumba, hivi havina tumbo la kuficha ugonjwa. Mwenyewe akitaka kujua atajua. Angalia jinsi hukumu hii ilivyojengwa. Haikujengwa juu ya kama muuzaji alijua. Imejengwa juu ya kama ilikuwa rahisi kwake kujua.

(Fundi mmoja wa kamera nilipomweleza haya alicheka, akasema kamera ni mnyama, kwa sababu huugua ikikaa bila kazi. Mafuta yaliyomo ndani hukauka. Sikumjibu.)

Wafuasi wa Imam Malik (r.a.) wamefika ndani zaidi. Wao waliruhusu sharti la baraa katika watumwa, kwani vitabu vile viliandikwa katika zama ambazo masoko yalikuwa na watumwa, lakini wakashurutisha kwamba mtumwa huyo awe amekaa kwa muuzaji muda wa kutosha. Kwa nini muda? Ili kutojua kwake kuwe na maana. Mtu aliyeishi na kitu, akakitumia, akakiangalia, kisha akasema "sijui kasoro yake," neno lake lina uzito. Aliyekinunua asubuhi na kukiuza jioni bila kukigusa, "sijui" yake haina kitu ndani. Kwa lugha ya leo ningesema wametaka "sijui" ya aliyetazama. Ya aliyefumba macho hawakuipokea.

Na kuna kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik ambacho kila nikikisoma sasa nasikia ule mlio wa kukoroma. Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la baraa. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa yule ana maradhi ambayo hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman (r.a.). Uthman hakusema kwamba sharti lilikuwepo na kesi imekwisha. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alimuuza bila kujua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa na akamchukua mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Hatuwezi kumdhania Ibn Umar kwamba alijua akaficha. Huyu ni sahaba anayejulikana kwa uchamungu wake. Alichokiogopa ni kiapo. Kwani kuapa kwamba "sikujua" ni kuapa juu ya moyo wako wote, pamoja na yale uliyoyahisi ukayapuuza, na yale uliyoyasikia ukageuza uso. Nikajiuliza: lau mnunuzi wa kamera angenipeleka mbele ya Uthman, ningeapa? Ningesema, "Wallahi sikujua kwamba shata imekwama"? Kwa lugha ya mahakamani ni kweli. Sikusubiri ijifunge, kwa hiyo sikujua. Lakini katika Surat Al-Israa aya ya 36 Mola wetu anatuonya tusifuate tusilo na ujuzi nalo, na anataja kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa, kila kimoja. Sikio langu lilisikia. Likiulizwa litasema nini?

Hapa ndipo ninapotofautiana na shemeji. Kuna mtu asiyejua kwa sababu hana njia ya kujua. Mwanamke mzee anayeuza redio ya mumewe, hajawahi kuigusa, hana mtu wa kumuuliza. Huyu akisema "sijui" amesema kweli yote. Kuna mwingine asiyejua kwa uvivu. Huyu ana kosa, lakini ni kosa la uzembe. Lakini yule asiyejua kwa makusudi, aliyeuacha ujuzi mlangoni kwa sababu ukiingia utamgharimu, huyo ameshafanya kazi yote ya anayeficha. Tofauti ni kwamba amekificha kitu kwake mwenyewe kwanza, ili akimficha mnunuzi aweze kufanya hivyo kwa uso mkavu. Nadhani huyu ni hatari kuliko mwongo wa kawaida. Mwongo anajua kwamba ni mwongo, na anaweza kutubu. Huyu wetu anarudi nyumbani na thawabu za kusema kweli.

Atanijibu shemeji, na alinijibu: mnunuzi si mtoto. Ukimwambia haijajaribiwa, anajua anabahatisha, na bei inashuka kwa ajili hiyo. Kweli, inashuka. Lakini kwa nini haishuki mpaka bei ya kamera mbovu? Kwa sababu ndani ya neno "haijajaribiwa" mnunuzi ananunua tumaini. Anajisemea: ilikuwa ya mpiga picha, imetunzwa, huenda nzima. Analilipia tumaini hilo. Na mimi ninayemuuzia tumaini, mwenyewe sina tena. Nililipoteza pale mezani. Ninauza kitu ambacho sinacho.

Basi niliipeleka kamera kwa yule fundi, mzee ambaye zamani meza yake ilikuwa haikosi kamera tano na sasa anatengeneza saa. Kabla ya chochote alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Alinyanyua kile kishikio kidogo cha kurudishia filamu, akakizungusha taratibu. Kikakaza. Akanitazama akasema, "Humu mna filamu."

Ndugu msomaji, nilisimama. Kibao cha kuhesabia kilikuwa kwenye 23, na mbili katika hizo nilizipoteza mimi nikibonyeza sebuleni. Picha ishirini na moja zilizobaki zilikuwa za nani? Baba mdogo alikuwa akipiga shughuli za wanawake, za ndani, ambako mama zetu na dada zetu huvua mitandio wakijua kwamba hakuna wa kando. Filamu ile ilikuwa amana ya watu, na huenda ilikuwa stara ya watu. Lau ningefuata ushauri wa kutoangalia, ningemkabidhi kijana nisiyemjua, pamoja na kamera, wake za watu. Na ningekuwa msafi kabisa katika fatwa ya shemeji, kwani sikujua. Tuliirudisha filamu yote ndani ya kopo lake kabla ya kufungua mgongo wa kamera, nikampelekea mama mdogo. Alichoamua juu yake ni siri yake.

Baada ya hapo uchunguzi wenyewe haukuchukua hata nusu saa. Fundi alifungua mgongo, akaelekeza kamera dirishani, akawa anabonyeza kwa kila kasi huku akichungulia kwa nyuma. Kuanzia moja ya thelathini mpaka moja ya mia tano, mwanga ulipita sawasawa. Chini ya hapo shata ilikuwa inachelewa, na kwenye sekunde moja wakati mwingine ilibaki wazi, kwa sababu ya mafuta yaliyoganda. Kwenye moja ya elfu, upande mmoja ulikuwa giza. Sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zilikuwa zimegeuka lami inayonata. Lenzi ilikuwa na kuvu pembeni, nyuzi nyembamba kama za buibui, maradhi ya kawaida ya lenzi katika miji yenye joto na unyevu kama huu wetu. Tuliweka betri mpya na kipima mwanga kikaamka. Akanishauri nipige filamu moja ili niwe na uhakika kamili. Nikakataa. Filamu na kuisafisha vingetoka katika mali ya mayatima, na filamu siku hizi ni ghali kiasi kwamba ingekula sehemu kubwa ya bei ya kamera yenyewe. Hapo ndipo nilipoona mpaka wa wajibu wangu. Kutazama kwa jicho, kusikiliza kwa sikio, kumuuliza anayejua, haya niliyaweza. Zaidi ya hayo ni kusema kwamba sikufanya.

Mnunuzi alipokuja, kijana mpole, nilianza kwa kumuuliza anaitaka ya nini. Nililichukua swali hili kwa Wathila bin Al-Asqai (r.a.), sahaba aliyemkimbilia mtu aliyenunua ngamia na kumuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari, na alipojibiwa kuwa ni kwa safari ya Hija, akamweleza kwamba ngamia yule ana tundu katika unyayo. Kasoro si kasoro kwa kila mtu. Anayetaka kamera ya kuweka kabatini, shata haimhusu. Kijana akasema anataka kupigia picha, hata za harusi. Nikampa karatasi niliyoandika yote aliyoyasema fundi, na mwisho wake: "Sikuijaribu kwa filamu." Aliisoma mara mbili. Tulikuwa tumetajiana 250,000. Akatoa 180,000.

Shemeji aliposikia alinitumia ujumbe: umewapunguzia mayatima elfu sabini.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sitaki kuipita haraka. Lau kamera ingekuwa yangu, ningeweza kuona fahari kupoteza fedha kwa ajili ya ukweli. Lakini nilikuwa mkarimu kwa mfuko wa nani? Msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kufanya uchamungu kwa fedha za yatima. Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Kilichonituliza ni aya ya 152 ya Surat Al-An'am, ambayo nimeihifadhi tangu nikiwa mdogo bila kuona ilivyopangwa. Inaanza kwa kukataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora. Papo hapo, katika aya ileile, inaamrisha kutimiza kipimo na mizani kwa uadilifu. Kisha inasema kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Kisha inaamrisha uadilifu katika kusema, hata ikiwa ni dhidi ya jamaa. Yatima na mizani vimewekwa mahali pamoja. Allah (s.w.) alijua kwamba wapo watakaopunja mizani kwa jina la yatima, na elfu sabini zile zilikuwa za huyo kijana tangu mwanzo. Hazikuwahi kuwa za watoto wa baba mdogo hata niwapunguzie.

Tena, kutotazama kungeweza kuwadhulumu wao. Vipi kama shata ingekuwa nzima? Ningeiuza kwa bei ya kubahatisha kitu chenye thamani kamili. Aliyemuuza mtumwa mgonjwa kwa 800 ndiye aliyemuuza mzima kwa 1,500. Asiyetazama hajui anamdhulumu nani, mnunuzi au yatima. Ana uhakika tu kwamba hatakuwa na la kusema.

Nilimjibu shemeji hayo. Hajakubali, na tunaendelea kula pamoja.

Limebaki moja. Wiki moja kabla ya kamera niliuza ile fleshi, mwezi wa Shaabani, nje ya msikiti baada ya swala ya Alasiri, kwa mtu mzima aliyevaa kanzu ya kahawia. Nilimwambia sijui kama inawaka, achukue kama ilivyo. Alinipa 30,000. Sikuifungua hata mahali pa betri, ambapo zikisahaulika miaka mingi huvuja na kula shaba yote. Nilipomweleza mwalimu wangu aliyenisomesha fiqhi, aliniuliza swali moja tu: "Siku ile nyumbani ulikuwa na betri?" Nilikuwa nazo nne, ndani ya tochi.

Fedha zile sijazigawa kwa warithi. Mtu yule simjui jina wala anapokaa. Kama ni wewe unayesoma, au unamfahamu, tafadhali acha ujumbe katika ofisi za gazeti hili. Kama fleshi inawaka, nitafurahi kusikia. Kama haiwaki, irudishe uchukue fedha zako.